Mtumba wa Saba

Mzee aliyetukuta hakutuuliza tulikuwa tunatafuta nini. Alituuliza tumeshapata ngapi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Bagamoyo, nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe ambao nusu yake ilishabomoka. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono wa kulia umo ndani ya tundu la ukuta, wa kushoto umeshika simu yenye namba ndefu. Rafiki yangu wa kozi alikuwa zamu ya ulinzi, kazi aliyoifanya vibaya kwa sababu alikuwa anakula muhogo wa kukaanga. Tulipogeuka tulikuta watu sita. Baada ya dakika kumi walikuwa kama ishirini, na bodaboda watatu walikuwa wamezima pikipiki zao ili wasikie vizuri.

"Rupia ngapi?" mzee akarudia.

Ukikulia kwenye mji wenye jengo la Mjerumani, hadithi hii huhitaji kusimuliwa. Mjerumani aliposhindwa vita alifukia mali. Kuna ramani. Kuna alama kwenye miti. Kuna mjomba wa mtu fulani aliyechimba usiku na asubuhi hakuonekana tena. Tatizo la hadithi hii ni kwamba ina chembe ya ukweli: mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, Tabora zilitengenezwa kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kwa hiyo vijana wawili wageni, simu yenye namba, kisanduku, na mkono ndani ya ukuta wa kale: ushahidi ulikuwa umekamilika.

Tulipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwamkia, nikafungua kisanduku mbele yake. Kilikuwa na kidaftari, penseli, na kipande cha kaniki ukubwa wa leso. Akakipindua, akagonga chini yake kama mtu anayepima nazi.

"Kwa hiyo nyinyi hamchukui. Mnaficha."

"Ndiyo, baba."

"Ili wengine watafute."

"Ndiyo."

"Na akikipata anapewa nini?"

"Anaandika jina lake kwenye daftari, halafu anakirudisha."

Alitutazama kwa muda, kwa huruma kuliko kwa hasira. "Na mko chuo kikuu," akasema.

*

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi, na una tarehe ya kuzaliwa. Setilaiti za GPS ni za jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi jeshi hilo liliharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Kifaa chako kingeweza kukosea kwa mita kama mia moja. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo unakoma, na usiku huo swichi ikazimwa. Vifaa vilivyokuwa mikononi mwa watu vikawa sahihi mara kadhaa zaidi bila mtu kununua kitu kipya.

Tarehe 3 Mei, karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, mtu anayeitwa Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni na kutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Ndani aliweka vitu vidogo vidogo, kikiwemo kopo la maharage. Sharti lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu, andika jina. Mike Teague ndiye aliyeifikia kwanza. Kabla mwezi haujaisha Matt Stum alishaupa mchezo jina lake, na Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ambayo hadi leo ndiyo daftari kuu la visanduku vya dunia nzima.

Lakini wazo ni la zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1854, kwenye nyanda baridi za Dartmoor, Uingereza, kiongozi wa watalii James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili wageni aliowafikisha waache kadi zao humo. Kufika kule kulikuwa kwa shida, na kadi ilikuwa shahidi. Kutoka chupa ile ukazaliwa mchezo mzima wa masanduku na mihuri. Sisi binadamu tunapenda kufika, halafu tunapenda zaidi pawe na kitu kinachosema tulifika.

Jiokashi ya kawaida inakupa namba, unaifuata, unapata. Aina iliyoniteka mimi ni ile ya mafumbo. Namba unayopewa ni ya uongo, na sheria inataka isiwe mbali na kisanduku halisi kwa zaidi ya maili mbili. Namba ya kweli imefichwa ndani ya fumbo. Wabunifu wakali hawaishii kwenye fumbo moja. Hutunga mfululizo wenye maudhui mamoja: visanduku sita, kumi, ishirini, na ndani ya kila kimoja umeandikwa tarakimu. Ukikusanya zote, zinakupa mahali pa kisanduku cha mwisho ambacho hakionekani kwenye ramani yoyote.

Nilipoelewa hilo kwa mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa naujua mchezo huu tangu kwa bibi.

Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mnajaribu, mnakosea, mnajaribu tena, mnachoka. Ndipo anayetega anasema: nipe mji. Mnampa Unguja, anaukataa au anaukubali, anajisifu kidogo alivyokwenda na alivyopokewa, halafu ndiyo anakwambieni kwamba ni yai. Nilikuwa mtoto, na sikuona ajabu yoyote kwamba bei ya kutojua ni mji. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia na naona kwamba bibi alinifundisha kanuni ya jiokashi kabla jeshi la Marekani halijazima swichi yake. Fumbo na mahali vimefungwa pamoja. Ukilifumbua, unakwenda. Usipolifumbua, unatoa mji.

*

Maudhui niliyoyachagua kwanza yalikuwa ya kivivu: Livingstone. Watafutaji wengi wa visanduku ni wageni, nikajiambia, na mgeni anamjua Livingstone. Bagamoyo inamjua pia. Kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 kuna mnara wa kanisa la zamani unaoitwa kwa jina lake, kwa sababu humo, kwa kumbukumbu za misheni, maiti yake ililazwa tarehe 24 Februari 1874. Nilikwenda na daftari kupima pembe na kuhesabu madirisha, nikitafuta tarakimu za kugeuza kuwa namba.

Pale chini ya mnara, nikiwa nahesabu, nikajiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeniuliza. Maiti ilifikaje?

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Walikuwa watu wapatao sitini, wake kwa waume. Mbele walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Alikuwepo Jacob Wainwright, aliyesomea shule ya wamisionari huko Nasik, India, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti wa Chitambo.

Tabora walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele zaidi, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Walichofanya wapagazi ndicho kilichonifanya nifute kila kitu kwenye daftari langu. Walitengeneza maiti ya uongo kwa fito na nyasi, wakairudisha nyuma kwa maombolezo kana kwamba wamekata tamaa. Maiti halisi wakaifunga upya ikawa kama mtumba wa nguo, mtumba kama mitumba mingine yote ya msafara, wakapita nayo mchana.

Kama kuna mtu aliyewahi kuficha kitu vizuri kwenye ardhi ya Tanganyika, ni wale. Nami nilikuwa napanga kuwatungia watu mafumbo kuhusu madirisha.

Hapo mfululizo ukapata jina: Mitumba Saba. Kila kisanduku kingekuwa mzigo, na kila mzigo una mtu aliyeubeba.

*

Kutunga fumbo la kihistoria kunakufundisha jambo ambalo semina haikufundishi. Kwenye semina unaweza kusema "suala hili lina mitazamo mingi" ukakaa chini. Fumbo halikubali. Lazima litoe namba moja, na namba lazima imfikishe mtu mahali pamoja. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Namba zetu huandikwa hadi sehemu ya elfu moja ya dakika, yaani karibu mita mbili. Ukiteleza kwenye tarakimu ya kwanza baada ya nukta, umempeleka mgeni kwenye uwanja wa mtu asiyemjua.

Mtumba wa kwanza ulikuwa rahisi. Frasila ni kipimo cha biashara cha pwani, karibu ratili 35, yaani kama kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Fumbo linakupa bidhaa na uzito wake kwa ratili, unagawa kwenye mizigo, unahesabu watu. Wa pili ulikuwa wa nguo: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Unapewa orodha ya malipo ya njiani, hongo ya mtemi huyu na yule, unahesabu merikani na kaniki zilizobaki. Hisabati yake ni ya darasa la tano. Lengo halikuwa ugumu. Nilitaka mtu ahesabu mgongo wa mtu mwingine kwa kalamu yake mwenyewe.

Wa tatu ulikuwa wa saa. Msafara unaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tumia saa hiyo kama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta kwenye longitudo. Niliwapa watu wawili wanijaribie. Mwanafunzi mwenzetu kutoka Ujerumani, hodari wa mafumbo kuliko sote, aliandika 11, akaifuata simu yake akijiamini, na ingekuwa si mawimbi angeendelea. Alikosea kwa mita mia na kumi na moja upande wa mashariki, na mashariki ya Bagamoyo ni bahari. Rafiki yangu wa muhogo aliandika 05 bila kufikiri, akashangaa kwamba hilo ni fumbo. Ila kwenye mtumba wa pili alikwama siku mbili, wakati Mjerumani alimaliza akinywa chai.

Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Mafumbo mengi niliyowahi kuyafumbua yalidai nijue mfuatano wa wafalme wa Uingereza au majina ya bendi za zamani. Hatimaye kulikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa kila mtu Kariakoo.

Mtumba wa nne ni mbuyu. Kwenye eneo la misheni kuna mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo. Kipande kidogo tu ndicho kinachotokeza kwenye gome. Wageni wanaouona hunyamaza na kupiga picha kwa heshima, kwa sababu mnyororo, Bagamoyo, jibu si linajulikana? Lakini simulizi za misheni zinasema mnyororo ule ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa. Fumbo linauliza mnyororo ulimfunga nani, na kila jibu lina namba yake. Ukijibu "mtumwa" unafika mahali pasipo na kitu.

Hili lilinipa usiku mbaya. Je, ninafanya mzaha? Watumwa walipita Bagamoyo, na hilo si la kubishaniwa wala kuchezewa. Ila ni kweli pia kwamba maelfu waliopita njia ile, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa mshahara walioijua kazi yao, waliopatana bei, na waliogoma walipodhulumiwa. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima kuwahusu mwaka 2006. Tukimfunga kila mpagazi mnyororo kwenye mawazo yetu, tunamnyang'anya hata mshahara wake. Nililiacha fumbo, lakini mahali pa jibu lisilo sahihi sikupaacha patupu tena. Ukiweka namba hiyo kwenye kikaguzi cha majibu, unapata sentensi mbili kuhusu watumwa na wapagazi, kisha unaombwa urudi mtini uangalie tena. Kukosea nako kuwe na faida.

Hata jina la mji lina mafumbo mawili. Bwaga moyo: wengine husema ni kilio cha mtumwa anayeacha moyo wake bara, wengine husema ni pumzi ya mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi njiani. Nilijaribu kulitungia fumbo, nikashindwa. Lina majibu mawili, na yote yana watu nyuma yake. Nikaliacha.

*

Mtumba wa tano ni wa tarehe. Kutoka 1 Mei 1873 hadi 24 Februari 1874 ni siku 299. Nikaiweka namba hiyo mwishoni mwa latitudo, nikaridhika, hadi nilipokumbuka mti wa Chitambo. Wainwright alichonga tarehe 4 Mei. Ukimfuata yeye, aliyekuwepo, unapata siku 296. Tofauti ni sehemu tatu za elfu za dakika, yaani mita tano na nusu. Ndiyo umbali kati ya kile kinachoandikwa na vitabu vingi na kile kilichochongwa na mtu aliyekuwa amesimama pale na kisu. Nilikificha kisanduku katikati, chini ya mkungu, mahali ambapo wote wawili watakiona.

Nilisema fumbo lazima litoe namba moja, na hapa nimevunja kanuni yangu. Kosa la kukwepwa hasa si majibu mawili. Ni hila, na katika hila tunaye mfano. Mwaka 1979 mchoraji wa Kiingereza Kit Williams alitoa kitabu cha picha, Masquerade, ambamo alificha mahali alipofukia sungura wa dhahabu. Watu walichimba bustani za watu na viwanja vya umma miaka mitatu. Mwaka 1982 aliibuka mtu aliyejiita Ken Thomas akadai zawadi, na miaka sita baadaye ikafichuka kwamba alikuwa amepata fununu kupitia mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wa Williams. Fumbo lenyewe lilifumbuliwa kihalali na walimu wawili wa fizikia, Mike Barker na John Rousseau, waliofika mahali sahihi kwenye bustani ya Ampthill na kuchimba, lakini hawakumwona sungura kwenye udongo waliouchimbua.

Nimewafikiria sana walimu hao. Walikuwa na jibu na hawakupata mji. Kitu chenye thamani kilichofukiwa chini huharibu fumbo, kwa sababu kinamwalika mtu mwenye jembe badala ya mtu mwenye akili. Ndiyo maana jiokashi inakataza kufukia, na ndiyo maana kisanduku ndani hakina kitu cha kuibiwa. Mwenyekiti wetu wa mtaa alidhani huo ni upungufu wa akili. Kumbe ndio ulinzi wenyewe.

Ila yeye alikuwa sahihi kwa jambo moja kubwa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya ukuta wa kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo kwa sababu ya mikono kama ule. Hata kama sikuchimba, nilikuwa naanzisha njia: atakuja wa pili, wa tatu, wa hamsini, kila mmoja atalegeza jiwe moja, na mmoja wao atakuwa amesikia habari za rupia. Mwanafunzi wa historia aliyetaka kuwaonyesha watu historia alikuwa anaibomoa kwa vidole. Siku ile niliondoa visanduku vyote vilivyogusa majengo. Nikavihamishia kwenye mikungu, kwenye vibanda, kwenye nguzo za ua, kila kimoja kwa ruhusa ya mwenye mahali, na kila kimoja mita 161 au zaidi kutoka kwa mwenzake kama sheria ya mchezo inavyotaka. Magofu yakabaki kuwa ya kutazamwa: unasimama mbele yake, unahesabu, unaondoka na tarakimu.

Kazi hiyo ya kubisha hodi ilichukua muda kuliko mafumbo yote. Pia ilinifundisha mji.

*

Mtumba wa sita ni wa majina. Baada ya maziko ya Livingstone huko Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, ambako Wainwright alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengeneza medali za fedha 60 kwa ajili ya watu wa msafara, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni. Wengi walikuwa wameshalipwa na kutawanyika. Nikatunga fumbo la kuhesabu herufi: Chuma tano, Susi nne, na kuendelea. Nilitaka mtu ayaandike majina hayo kwa mkono, moja baada ya moja, kwa sababu ukiandika jina unalisoma.

Ukabaki wa saba, ule usioonekana kwenye ramani.

Shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa mwaka 1874, zikihaririwa na Horace Waller kwa msaada wa Chuma na Susi waliosafiri hadi Uingereza. Humo anatajwa Halima, mpishi. Livingstone anamsifu kwa uangalifu wake na uaminifu wake, kisha anaandika kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani. Aliyeahidi akafia Chitambo. Halima akatembea na maiti ya ahadi yake hadi pwani. Mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alimpa Halima sauti katika riwaya yake ya mwaka 2019, na ndiko nilikomjulia mimi. Shajara niliisoma baadaye, kwa aibu.

Nyumba na bustani. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Bibi alikuwa akitega, tukishindwa, akadai mji, tukampa. Halima aliahidiwa mji akiwa ameshajibu kila kitu, akiwa amepika, amebeba, amefika.

Nilijua sasa kisanduku cha saba hakiwezi kukaa kwenye mnara, wala ngome, wala boma. Kilihitaji ua wenye jiko.

*

Bi niliyempata anauza vitumbua asubuhi, na mchana hulima mchicha na bamia nyuma ya nyumba, karibu na barabara iendayo ufukweni. Nilifika kwake mara ya kwanza kama mteja, mara ya pili kama mteja, mara ya tatu nikajieleza.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba mwanangu. Leo vimekwisha."

"Leo sikuja kununua. Nimekuja kuomba."

Nilimweleza yote: setilaiti, ndoo ya Oregon, mitumba. Aliendelea kumwagilia mchicha wake. Nilipofika kwa Halima alisimama, kopo la maji mkononi.

"Alikuwa mpishi wa msafara?"

"Ndiyo."

"Watu sitini?"

"Kama sitini."

"Basi huyo ndiye aliyewafikisha," akasema. "Mtu hatembei kwa maombi." Akamwaga maji yaliyobaki. "Na hiyo nyumba, alipewa?"

"Aliyemuahidi alikufa njiani, bi."

Hakusema kitu. Alikwenda hadi pembe ya bustani, pale nguzo ya ua inapokutana na mpapai, akapapasa, akatingisha nguzo kuona kama ni imara.

"Weka hapa," akasema. "Lakini uwaambie hao watu wako wapige hodi. Na wasinikanyagie mchicha."

Nikaviandika vyote viwili kwenye maelezo ya kisanduku, kama masharti rasmi. Mkaguzi wa kujitolea wa tovuti, anayepaswa kupitisha kila kisanduku kabla hakijachapishwa, aliuliza kuhusu ruhusa ya mwenye eneo, nikamjibu kwamba mwenye eneo ndiye aliyechagua nguzo.

Mfululizo ulichapishwa Ijumaa jioni. Jumapili ya wiki iliyofuata nilikuwa kwake, safari hii nikinunua, ndipo wakaja wawili, kijana na dada yake, wamevaa kandambili, vumbi hadi magotini, karatasi yao imejaa tarakimu zilizokatwakatwa. Walisimama nje ya ua wakibishana kwa sauti ya chini kama ni hapa au nyumba ya pili. Mimi nikainamisha kichwa kwenye sahani yangu.

"Hodi," msichana akasema hatimaye.

"Karibu," bi akajibu toka jikoni. "Mnamtafuta nani?"

Wakatazamana. Kijana akaangalia karatasi.

"Halima," akasema.

"Pitieni huku pembeni," bi akawaambia. "Yupo bustanini."